Naanzisha kona ya muziki maktaba ya umma Morogoro, nianzie wapi?

BintiUluguru

Wadau habari za mchana, poleni na majukumu. Mimi ni mkutubi, niko maktaba ya umma huku Morogoro, na kwa muda mrefu nimekuwa nawasumbua wakubwa zangu kazini kwamba maktaba ya mji kama huu inakosaje hata kona moja ya muziki. Huu ndio mji wa bendi ya Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, mji wa bendi ya Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah na baadae Juma Kilaza, halafu leo mwanafunzi akija kuniuliza habari za hao watu sina cha kumpa zaidi ya kumwambia nenda kaangalie Yutubu. Inaniuma kwa kweli.

Sasa wamekubali. Nimepewa chumba kidogo, kompyuta moja ambayo sio mpya ila inafanya kazi, na bajeti ndogo mno. Kuna mzee mmoja mstaafu wa mtaani ametuletea boksi la santuri na kaseti, santuri nyingi ni zile ndogo za spidi ya 45 na chache ni zile nzito za zamani kabisa, kaseti nyingine zina lebo na nyingine zimeandikwa kwa peni tu "harusi" au "kwaya pasaka" basi.

Naomba mnisaidie mawazo, ninunue nini kwanza, hizi za mzee nizihifadhije zisije zikaharibikia mikononi mwangu, na kama kuna mtu amewahi kuona maktaba yenye muziki sehemu yoyote aniambie wanafanyaje. Natanguliza shukrani.

DJ_Kihonda

Dada hongera sana kwa wazo. Mi ushauri wangu usihangaike na santuri, sa hivi nani ana mashine ya kupigia santuri? Chukua hadi diski moja ya terabaiti, njoo kwa madjei wa hapa mjini tukujazie zilipendwa zote, bongo fleva kuanzia za mwanzo kabisa, singeli, taarab, kwaya, gospo, kila kitu, unaunganisha kwenye hiyo kompyuta unaweka hedfoni mbili kazi imeisha. Siku moja tu unakuwa na nyimbo elfu kumi na watu wanakuja kusikiliza. Nipo tayari kukusaidia bure kabisa kwa sababu ni mji wetu.

Mkutubi_Mstaafu

Mwanangu BintiUluguru, nimefurahi mno kusoma hii. Nimefanya kazi ya maktaba mpaka nimestaafu na nilikuwa natamani sana kitu cha namna hii.

DJ_Kihonda kijana wangu nakushukuru kwa moyo wako, ila ngoja nikwambie tofauti ya hadi diski na maktaba. Hizo nyimbo elfu kumi utakuta faili imeandikwa "zilipendwa mix 7" au "Mbaraka wimbo mzuri", hujui umerekodiwa lini, hujui nani anaimba na nani amepiga solo, wakati mwingine hata bendi yenyewe sio hiyo. Mtoto wa chuo akija kuandika kazi yake juu ya dansi ya Morogoro atanukuu nini hapo? Maktaba inakusanya sauti PAMOJA na habari zake. Sauti mtu anaweza kuipata popote, habari zake ndio hazipatikani, na wenye nazo ni wazee ambao wanaondoka kila mwaka.

Kwa hiyo binti yangu usianze kwa kununua. Anza kwa kuandika karatasi moja tu inayosema mnakusanya nini na hamkusanyi nini. Mimi ningeandika muziki wa mkoa wa Morogoro kwanza, wa aina zote, halafu wa Tanzania kadiri nafasi inavyoruhusu, halafu vitabu na nota. Usipoandika hiyo karatasi utaletewa kila kaseti iliyomshinda mtu nyumbani kwake na utashindwa kukataa, chumba kitajaa na vitu muhimu havitaonekana.

Na nota usizisahau jamani! Watu wakisikia muziki maktaba wanawaza dansi tu, lakini hebu hesabu kwaya zilizopo Morogoro mjini peke yake, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wasabato, na kila kwaya ina mwalimu anayehangaika kutafuta nota, anapiga picha ya fotokopi ya fotokopi mpaka kile kidoti cha sol-fa hakionekani kama kiko juu au chini. Ukiwa na faili la nota zilizopangwa vizuri kwa jina la mtunzi na kwa majira ya kanisa, walimu wa kwaya watakuwa wateja wako wa kwanza na wao ndio watakutetea mbele ya wakubwa bajeti ikija.

Kwenye katalogi kuwa makini na majina ya bendi. Mfano NUTA Jazz iliyoanza 1964 ndio hiyo hiyo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Ukiandika kila jina kivyake bila kuyaunganisha msomaji anayetafuta Msondo hatazikuta za NUTA. Chagua jina moja, mengine yote yaelekeze huko. Na kwa kila rekodi andika bendi, mtunzi, mwimbaji, wapiga vyombo kama wanajulikana, lebo, namba iliyoko kwenye lebo, na pia ile namba iliyokwanguliwa kwenye santuri yenyewe pale karibu na karatasi ya katikati, hiyo inasaidia sana kujua ilirekodiwa pamoja na nyimbo zipi. Kama mnatumia Koha, ile programu ya katalogi za maktaba, ina sehemu ya kuingiza rekodi za muziki, haina haja ya kununua programu nyingine, ni ya bure.

FundiSauti_Tanga

Mimi ni fundi wa redio na tepu, nitasema upande wangu tu.

Dada kabla hujagusa kitu chochote kwenye hilo boksi, chukua hizo kaseti moja moja, angalia upande wa juu pale nyuma kuna vidude viwili vya plastiki, vile vya kuvunja. Kama bado vipo VIVUNJE vyote. Ukiviacha siku moja mtu atakuja kubonyeza rekodi badala ya plei na harusi ya watu imefutika, nimeona ikitokea. Hiyo haina gharama, unafanya leo leo kwa kutumia bisibisi ndogo.

Pili usipige kaseti ya zamani kwenye mashine hujasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, spiriti na pamba ya masikioni, unasafisha hedi na ile roli ya mpira mpaka pamba itoke nyeupe. Kaseti ambayo imekaa miaka ipeleke mbele yote mpaka mwisho halafu irudishe nyuma ndipo uipige, inalegeza tepu iliyoshikana. Ukiona ukungu mweupe kwenye tepu usiiweke kwenye mashine kabisa, itenge kwenye mfuko peke yake maana inaambukiza nyingine kupitia hedi.

Na kuna kaskrubu kadogo pembeni ya hedi, ukisikia kaseti sauti imeziba kama mtu anaongea ndani ya blanketi mara nyingi sio kaseti mbovu, ni hedi imekaa upande tofauti na ile mashine iliyorekodi. Unazungusha taratibu sana huku unasikiliza mpaka matoazi na zile "s" za mwimbaji zifunguke. Kila kaseti unaweza ukairekebisha upya, fanya hivyo KABLA ya kurekodi kwenye kompyuta kwa sababu ukisharekodi imeziba ndio basi, ikwalaiza haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia.

Santuri sasa. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na mbali na dirisha la jua. Hizo nzito ni za spidi ya 78, zinavunjika kama sahani ya udongo na sindano yake ni nene karibu mara tatu ya sindano ya santuri za kawaida, ukizipiga kwa sindano ya kawaida inakwangua chini ya mfereji, unaharibu santuri na sindano vyote viwili. Halafu la muhimu kuliko yote, 78 USIZISAFISHE KWA SPIRITI, zile nyingi zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti inaiyeyusha. Maji safi yasiyo na chumvi na tone la sabuni laini, kitambaa laini, lebo ya karatasi isilowe.

Kurekodi tumia programu ya Audacity ni ya bure, rekodi WAV biti 24 na kilohezi 96, kama kompyuta inashindwa weka 48. Usirekodi moja kwa moja mp3. Kwa hiyo 96 saa moja inakula kama gigabaiti 2, kwa hiyo hadi diski ya terabaiti 2 inabeba zaidi ya saa 900, boksi moja halikupi shida. Mp3 utatengeneza baadae kutoka kwenye hiyo WAV kwa ajili ya watu kusikiliza. Weka nakala tatu, moja ikae jengo lingine kabisa, na usiguse WAV ya kwanza, usiondoe mikwaruzo, kusafisha kelele fanyia kwenye nakala. Nunua na yuu pii esi jamani, ile betri ya kushikilia kompyuta, umeme ukikata katikati ya kurekodi faili linakufa.

DJ_Kihonda

Nimekuelewa mzee Mkutubi na fundi. Basi mi naleta mashine ya santuri ninayo moja ina spidi zote tatu na 78 ikiwemo, ila sindano ya 78 sina, kuna mtu anajua zinapatikana wapi?

FundiSauti_Tanga

DJ za kuagiza zipo, andika jina la mfano wa katriji yako (kile kidude kinachobeba sindano) hapa nikuangalizie kama inakubali kubadilishwa sindano tu, nyingi zinakubali. Mpaka ipatikane hizo 78 ziacheni zikae, zimengoja miaka sitini zitangoja na mwezi.

Mwana_wa_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu BintiUluguru nimeona unataja Cuban Marimba ikanibidi niandike. Hizo rekodi za Salum Abdallah nyingi zilitoka kwa lebo ya Mzuri, na Mzuri ilikuwa ya duka la Assanand hapa hapa Mombasa, kwa hivyo historia ya muziki wa Morogoro nusu yake iko huku kwetu. Na Mbaraka pia alifia Mombasa kwenye ajali ya gari Januari 1979, wazee wa huku wanaoikumbuka siku hiyo bado wako.

Nasema haya kwa sababu ukikusanya muziki wa Morogoro usikusanye Morogoro pekee. Enzi zile bendi zenu zilikuwa zinakwenda kurekodi redio Dar, kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwa kwenu, santuri nyingi zilichapwa Nairobi. Halafu mpaka ukafungwa 1977 hadi 1983, na biashara ya santuri baina ya nchi zetu mbili ikaharibika, ndio maana nyimbo nyingi za Tanzania za miaka ile ziliishia kwenye kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), mtaani hukuti santuri yake hata utafute vipi. Kwa hivyo ukikuta pengo kwenye mkusanyiko wako wa miaka ile usidhani ni wewe hujatafuta.

Kaseti nazo zina heshima yake. Taarab ya huku, kina Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, kwa miaka mingi imeishi kwenye kaseti, kulikuwa na duka la Mbwana Radio Service hapa mjini walirekodi na kuuza wao wenyewe, na karatasi ya ile kaseti ndiyo ilikuwa maelezo pekee ya nani kaimba nini. Kwa hivyo tafadhali piga picha kila karatasi ya kaseti na kila lebo, mbele na nyuma, hata iliyochanika. Kuna watu wakishabadilisha kuwa mp3 hutupa kaseti na karatasi yake, na hapo wametupa nusu ya kitu.

Wengine wa kuulizia: Ketebul Music wa Nairobi wamefanya kazi kubwa ya kukusanya muziki wa zamani wa Kenya na kuutoa na vitabu vya maelezo, angalieni wanavyopanga. Unguja kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, tangu 2002 wanafundisha. Na ILAM Afrika Kusini, ile maktaba ya muziki aliyoianzisha Hugh Tracey 1954, huyo mtu alipita Tanganyika 1950 akarekodi Wagogo, Wahehe na wengine wengi, na rekodi zake nyingi unaweza kuzisikiliza kwa intaneti. Waandikie uwaulize wana nini cha mkoa wenu, ni haki yenu kuuliza.

MwanaBukavu_Iowa

Jambo batu yetu. Miye ni Mkongomani wa Bukavu, niko Iowa City huku Marekani, Wakongomani tuko wengi sana mji huu na maktaba ya mji ndiyo kimbilio letu, watoto wanaenda kila siku. Dada aliuliza maktaba zingine zinafanya namna gani, basi nisimulie ya hapa.

Hapa tangu 2012 maktaba iko na mpango wa muziki wa wenyeji. Wanaenda kwa wasanii wa hapa hapa, si wale wakubwa wa dunia, wanawaambia tupe albamu yako, tunakulipa pesa kidogo, na mwenye kadi ya maktaba anayekaa hapa mjini anaweza kuisikiliza na kuidaunilodi kwa muda wa mkataba. Msanii anabaki na haki yake yote, anaendelea kuuza kwengine. Mimi hiyo ilinigusa sana kwa sababu maktaba hainunui tu muziki wa watu waliokufa, inanunua wa vijana wenye kuwa hai, na kijana akijua wimbo wake uko maktaba anajisikia ni mtu.

Na nimesoma kwamba Toronto kule Kanada kuna tawi la maktaba la Parkdale wanaazimisha vyombo vyenyewe, gitaa, vayolini, ngoma, tangu 2016, unachukua na kadi sawa vile kitabu. Najua pesa ni shida, lakini gitaa moja la msaada la kujifunzia mle mle chumbani linaweza kuleta vijana wengi kuliko santuri mia.

BintiUluguru

Jamani sijui niseme nini, mmenipa mwanga mkubwa sana. Vidude vya kaseti nimeshavunja vyote leo mchana, na baba Mkutubi hiyo karatasi naiandika wiki hii.

Nina mambo mawili bado. La kwanza ni hakimiliki, je nikishahamisha santuri kwenye kompyuta na mtu akasikiliza kwa hedfoni nitakuwa nimevunja sheria? Na mtu akiniomba nimtumie wimbo kwa WhatsApp nimjibuje? La pili ni zile kaseti za harusi, na kuna mama mmoja ameahidi kutuletea kaseti ya nyimbo za unyago za huku milimani alizorekodi bibi yake. Nafurahi ila nasita.

Haki_za_Wasanii

Nakujibu la hakimiliki, nimefanya kazi na wasanii upande huo. Kwa sheria ya Tanzania Bara, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Chukulia mifano yako mwenyewe. Salum Abdallah alifariki 1965, kwa hiyo tungo zake mwenyewe hiyo miaka 50 imeshapita. Mbaraka alifariki 1979, tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2029, na kwa kawaida familia ndio yenye haki. Ila angalia, wimbo una haki zaidi ya moja, kuna mtunzi, kuna waliopiga na kuimba, kuna aliyerekodi, na kwenye bendi kila wimbo unaweza kuwa na mtunzi wake tofauti na kiongozi wa bendi. Hapo ndipo maelezo aliyosema mzee Mkutubi yanapokuwa na faida, bila kujua mtunzi huwezi hata kujua umwombe nani ruhusa.

Cha kufanya andikeni barua COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina la maktaba, elezeni mnataka kuhamisha rekodi kwa ajili ya kuhifadhi na watu kusikiliza humo humo ndani bila malipo, muombe mwongozo wa maandishi. Barua ikiwepo kwenye faili umekaa salama wewe na atakayekuja baada yako. Na za WhatsApp kataa moja kwa moja, wala usione aibu. Kompyuta ya kusikilizia isiunganishwe intaneti na sehemu za kuchomekea flashi zizibwe. Msanii akisikia maktaba inagawa nyimbo zake bure hatakuletea tena kitu, na atawaambia wenzake.

Kwa wasanii walio hai fanya kama alivyosema ndugu wa Iowa, mkataba wa ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, unaosema tunahifadhi, watu wanasikiliza hapa ndani, haki ni yako. Wengi watasaini kwa furaha.

Mkutubi_Mstaafu

Hilo la unyago nijibu mimi, na DJ usome pia.

Binti yangu kusita kwako ni sawa kabisa. Nyimbo za unyago zina wenyewe, zinaimbwa kwa watu fulani wakati fulani, mwanamume hana haki ya kuzisikia na mwali ambaye hajachezwa hana haki. Ukiziweka kwenye kompyuta ya wazi umewavunjia heshima hao akina mama na hawatakuamini tena. Lakini usizikatae! Kaseti ya bibi ikiozea kabatini imepotea kwa kila mtu. Pokea, ihamishe, na mama mwenyewe akae na wewe wakati wa kuihamisha, muulize nani aruhusiwe kusikiliza, andika jibu lake neno kwa neno kwenye fomu na asaini. Akisema wanawake wa huko tu waliopitia, basi iandikwe hivyo kwenye katalogi na faili lifungwe. Kwa kuwa wewe ni mwanamke kazi hiyo ifanye mwenyewe, usimpe fundi wa kiume.

Za harusi mrudie mzee aliyezileta umuulize ni harusi ya nani, wenyewe waombwe. Mara nyingi watakubali na watataka nakala, wape. Harusi ya miaka ile ilikuwa na bendi au kikundi cha taarab ambacho hakikurekodi popote pengine, kwa hiyo usizidharau.

Na nina wazo, zile santuri zikishakaa sawa waite wazee waliokuwa wakipiga au kucheza dansi enzi zile, wawili watatu tu kwa wakati mmoja wasije wakakatizana, wape chai, piga santuri moja halafu washa simu urekodi wanavyoongea. Mmoja atasema hilo solo ni fulani, mwingine atabisha hapana fulani alikuwa ameshahama bendi, waache wabishane mpaka mwisho kwa sababu kwenye ubishi ndio majina yanatoka. Hayo mazungumzo nayo yape namba kwenye katalogi kama santuri yenyewe.

BintiUluguru

Asante sana baba. Nimeongea na yule mzee aliyeleta boksi, anasema kuna rafiki yake alikuwa mpiga besi yuko Mafiga, tutaanza na hao wawili. DJ_Kihonda njoo na mashine Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne tuko wachache panakuwa kimya.

DJ_Kihonda

Nakuja. Katriji ni Audio-Technica, namba nitaisoma nikifika nyumbani nimtumie fundi. Nitakuja na waya wa kuunganisha kompyuta na spika mbili ili wazee wasikie vizuri, hedfoni haziwafai wakitaka kubishana.